Zamu ya Maji

Ladaki, mwezi wa sita. Barafu ya mlimani
imeanza kulia, na machozi yake
tunagawana kwa zamu.
Yangu ni usiku wa Jumanne,
tangu nyota ya kwanza hadi jogoo wa Padma awike.

Nikafika na taa ya sola. Mfereji mkavu.
Tope limeshapasuka midomo.
Juu kidogo jiwe limesogezwa,
gunia la udongo limeziba upande wangu,
na maji yangu, yangu mimi,
yanacheka ndani ya shayiri ya Stobdan.

Sikufikiri. Nani hufikiri?
Kitu kilipanda kutoka nyayoni,
kikayapita magoti yangu mabovu,
kikakwama kooni kama mfupa.
Nikakamata sepetu kwa mikono miwili
nikateremka kuelekea mlangoni kwake.

Njiani nilimuua mara tatu.
Mara ya kwanza kwa maneno, mbele ya mkewe.
Mara ya pili mbele ya kijiji kizima,
wazee wakitikisa vichwa, wakisema Yangdol ana haki.
Mara ya tatu kwa sepetu.
Na mara zote tatu Stobdan amelala,
anakoroma, hana habari kwamba ni maiti.
Aliyelowa jasho ni mimi.

Kwenye mnara mweupe wa sala
miguu ikakata kushoto, yenyewe,
ili mnara ubaki mkono wa kuume,
kama ilivyofunzwa tangu nilipobebwa mgongoni.
Ajabu hii: kichwa kinakwenda kuua,
miguu inazunguka kuabudu.
Nikaketi. Ningefanyaje?

Kuna mtawa mmoja, Lhazom, umri wa mwanangu,
mpenda biskuti, mvivu wa kumenya viazi.
Majira ya baridi alituambia:
ikija hasira usiifukuze, wala usiitii;
iulize inakaa wapi.
Nilicheka. Nikasema, huyu hajawahi kuwa na shamba.

Lakini usiku ule sikuwa na mwingine wa kuongea naye.
Unakaa wapi?
Katika taya. Katika vidole vilivyoganda mpinini.
Katika pumzi fupi, fupi, kama ya mbwa.
Nilipoitazama taya, ikahamia kifuani;
nilipogeukia kifua, sikuona mwenye nyumba,
joto tu, na moyo unaobisha hodi.

Na huyo ninayemtaka, ni yupi?
Mkono uliosogeza jiwe? Mkono hutumwa.
Stobdan? Naye katumwa na kiu ya shayiri,
na shayiri na theluji iliyokuja haba,
na karo ya binti yake kule Leh.
Nikalifuata kosa kama mtu afuataye mfereji
akitafuta penye tundu:
kila nilipofika, maji yalikuwa yametoka mbali zaidi.

Haikuisha. Sitaki kusema uongo.
Ilibaki kama mtoto aliyelia akachoka,
bado ana kwikwi.

Nikapanda tena. Nikaling'oa gunia,
nikayageuza maji yaje kwangu,
nikaacha upenyo wa vidole viwili kwake.
Kwa nini, sijui. Wema? Labda baridi tu.

Asubuhi, chai ya siagi haijachemka,
Stobdan huyo mlangoni, kofia mkononi:
mpini wa sepetu lake umevunjika,
naomba nimwazime langu.

Habari ya maji hakuigusa.
Mimi nitaigusa, Jumamosi, mbele ya mgawa maji,
mchana kweupe, kwa sauti ya kawaida.
Nikampa.

Akalishika palepale
nilipolishika usiku.
Akaupapasa mpini, akasema:
huu umelainika vizuri.